Aliiba, na Alikuwa Amelala Chini

Palikuwa na mwanamke mmoja fundi wa makochi. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyopanga, na kila asubuhi alikokota nje mifupa ya makochi, mbao tupu, akavuta mikanda, akapanga sponji, akagongelea kitambaa huku misumari ameibana kwa midomo. Wateja walimpenda kwa mikono yake na kwa ulimi wake. Mtu akileta kochi lililobonyea katikati, alimwuliza, "Hili mlikuwa mnalikalia, au mlikuwa mnapigana nalo?"

Hakuwa na mume wala mtoto wa kumzaa. Alikuwa na Kijiti, mtoto wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu anatambaa. Jina hilo alipewa mtaani kwa wembamba wake. Alipofika miaka kumi na saba alikuwa amerefuka tu, nyama hakuongeza. Shule ilimshinda, vumbi la sponji lilimpigisha chafya, na mwishowe akaanza kuzurura na vijana ambao shangazi yake hakuwajua hata kwa sura. Akigombezwa alijibu, "Sawa, shangazi," kisha akavaa viatu akatoka.

Mchana mmoja, karibu na soko, Kijiti alimpora simu mama mmoja mwuza mitumba. Hakufika mbali. Askari wawili walimkimbiza, akateleza mtaroni, na risasi ikalia. Mpita njia mmoja alirekodi kwa simu, lakini video yake ilianza pale kijana alipokuwa ameshashika goti akipiga mayowe. Kilichotangulia hakikuonekana.

Basi mji mzima ukapata la kusema. Polisi walieleza kwamba kijana alichomoa kisu. Kinyozi wa jirani alisema vijana hawa wametuchosha, wapigwe tu. Wanafunzi wa chuo waliandamana wakiwa na fulana zenye picha ya Kijiti, chini yake pameandikwa: HANA HATIA. Kila mtu alimjua Kijiti kuliko aliyemlea.

Hospitalini, Kijiti alimwambia shangazi yake mara moja tu, akitazama dari: "Simu niliichukua. Lakini nilikuwa nimeshalala chini, mikono kichwani. Sikuwa na kisu." Shangazi alimwamini yote mawili.

Wiki hiyo akaja mwanasheria kijana wa watetezi wa haki, mpole, mwenye heshima zake. Alitaka wazungumze pamoja kwenye redio.

"Ila habari ya simu tuiache, mama," alisema. "Wakisikia aliiba, hawatasikia kitu kingine."

"Sasa niseme alikuwa anakimbilia nini? Alikuwa kwenye mazoezi?"

Mwanasheria alicheka kidogo, akidhani wameelewana.

Redioni shangazi aliketi amebana mkoba mapajani. Mtangazaji alimwuliza kama mtoto wake alikuwa mwizi. Akajibu, "Siku ile aliiba. Nimemlea mimi, na aibu ni yangu. Lakini alikuwa amelala chini amejisalimisha, na mtu aliyelala chini hapigwi risasi."

Jioni, kipande kilichozunguka kwenye simu za watu kilikuwa kifupi: "Siku ile aliiba." Basi. Mengine yalikatwa.

Mwanasheria hakupiga simu tena. Fulana zikatoweka. Wateja wengine walianza kupitisha makochi yao mbele ya mlango wake, wakiyapeleka kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Na wale waliokuja ndio waliomuumiza zaidi. Mwanamume mmoja alimshika mkono kwa furaha: "Hongera, mama, umesema ukweli. Dawa ya vijana wale ni risasi." Alimtazama yule mtu, akalitazama na kochi lake lililokuwa limefunguliwa nusu, akasema, "Libebe hivyo hivyo."

Kijiti naye alikuwa amesikia kile kipande. Shangazi alipofika hospitalini, kijana aligeukia ukutani.

"Umeniuza," alisema.

"Sikiliza yote niliyosema, mwanangu."

"Nimesikia ya kunitosha."

Siku ya kutoka hospitali, shangazi alimpelekea nguo alizozipiga pasi mwenyewe. Alikuta kitanda kimeshatandikwa kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Nesi alisema kijana alichukuliwa asubuhi na rafiki yake.

Miezi ile nyumba ilinyamaza mno. Kuvuta kitambaa juu ya kochi kubwa ni kazi ya watu wawili; Kijiti, pamoja na chafya zake zote, ndiye aliyekuwa akishika upande wa pili. Sasa upande wa pili aliukandamiza kwa tofali, na tofali likiteleza alilitukana, kisha akanyamaza kusikiliza, kana kwamba kuna mtu angecheka. Hakuna aliyecheka.

Ndipo akaja mwanamke mmoja, kifundo cha mkono kimefungwa bandeji.

"Mimi ndiye niliyeporwa simu," alisema akiwa bado mlangoni. "Sijamsamehe, tuelewane. Alinitegua mkono, na mpaka leo haujapona."

"Karibu ukae."

"Lakini nilikimbia nyuma ya askari. Niliona. Alikuwa amelala, na simu yangu nilikuwa nimeshaiokota. Nikapiga kelele, jamani mwacheni! Yule mmoja akafyatua."

"Na kisu?"

"Kisu gani? Niliwaambia wenye fulana, wakaniona nawaharibia kwa kuwa namwita mwizi. Nikaona wewe pekee ndiye umeyasema yote mawili."

Walikwenda pamoja kutoa maelezo. Ilichukua muda mrefu na kuzungushwa kwingi, lakini askari yule alisimamishwa kazi akafikishwa mahakamani. Kijiti naye alihukumiwa kwa wizi, akapewa kifungo cha nje. Mjini watu walikuwa wameshahamia kwenye ubishi mwingine.

Siku kesi ya askari ilipoahirishwa tena, shangazi alimkuta Kijiti kwenye benchi la nje ya mahakama, magongo ameyaegemeza ukutani. Alikaa kando yake, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

"Mguu?"

"Haukunjiki."

"Wale waliosema sikuiba," Kijiti alisema, "hata mmoja hajaja leo."

"Mimi nimekuja."

"Nakuona." Akakuna goti. "Bado nina hasira na wewe."

"Kuwa nayo. Njoo nayo nyumbani."

Kijiti alinyoosha shingo kutazama barabarani. Rafiki yake akafika na pikipiki. Shangazi aliyashika magongo mpaka kijana akapanda, akamkabidhi, na Kijiti akayapokea bila kumtazama usoni. Pikipiki ilipokata kona, shangazi alirudi akaketi pale pale kwenye benchi, mpaka mlinzi alipomwambia kwa upole kwamba wanafunga geti.