Nilimfuta Mdogo Wangu kwenye Daftari la Mjumbe

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minne. Kwetu ni Singida. Hapa Dar es Salaam kazi yangu ni kupiga randa kwenye karakana moja ya vitanda na makabati huko Keko. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo mkikuta nimekosea mnivumilie. Sijaoa. Nimepanga vyumba viwili Temeke, na ninaishi na mdogo wangu wa kike, ambaye hapa nitamwita Monika. Si jina lake. Ana miaka ishirini na mmoja.

Baba alifariki Monika akiwa bado mdogo. Nilimsomesha mimi mpaka akamaliza kidato cha nne, na miaka miwili iliyopita nikamleta mjini. Siku ya pili tu baada ya kufika nilimpeleka kwa mjumbe wetu wa nyumba kumi, akaandikwa kwenye daftari chini ya jina langu, kama inavyotakiwa.

Sasa mwaka huu kikundi kimoja cha akina mama wasomi kilitangaza kuwa kinatafuta wasichana waliomaliza kidato cha nne. Wanawekwa miezi sita kwenye ofisi za madiwani wanawake, wajifunze kuendesha vikao, kusikiliza shida za watu na kusema mbele ya umati, ili siku za mbele nao wagombee. Monika aliomba, akaitwa, akahojiwa, akachaguliwa. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja tu, barua ya mjumbe yenye muhuri kuthibitisha kwamba ni mkazi.

Alirudi nyumbani siku hiyo anacheka peke yake. Nami nilifurahi, Mungu ni shahidi. Kosa langu ni kwamba kesho yake niliwaambia wenzangu kazini.

"Ee fundi," mmoja akasema, "dada yako akishapanda gari la diwani, sisi mashemeji tutampata wapi?"

Wakacheka. Hilo nililizoea. Ila mwingine, mtu mzima, akatua msumeno wake akasema, "Mwacheni mwenzenu. Miaka mitano ijayo atakwenda kumwamkia dada yake, askari getini amuulize, 'Wewe mzee wa mapumba ya mbao, una miadi?'"

Maneno hayo yaliniingia. Nilipiga randa mchana kutwa nikiyasikia. Nikaanza kuwaza kwamba wanasiasa watamharibu, kwamba hatapata mume, kwamba mama kule nyumbani atanilaumu. Leo nasema ukweli. Sikuogopea mume wala mama. Niliogopa lile geti.

Jioni nikapitia kwa mjumbe kabla ya kufika nyumbani. Nikamwambia, "Mzee, huyu binti akija na karatasi yake, mwambie hayumo daftarini."

Akaniangalia. "Si wewe mwenyewe uliyemleta hapa?"

"Ndiyo, ni mimi. Na sasa ni mimi ninayesema hayumo. Mimi ndiye mkubwa wake."

Akafungua daftari, akachukua kalamu, akapiga mstari mmoja juu ya jina la mdogo wangu. Nilisimama pale pale nikimtazama akilifuta.

Monika alipokwenda aliambiwa, "Wewe si mkazi, ni mgeni." Alirudi ana hasira ambayo sijawahi kuiona kwake. "Kaka, mimi mgeni? Miaka miwili nateka maji bomba moja na mkewe, leo nimekuwa mgeni?" Nikamwambia, "Achana naye, wazee ndivyo walivyo. Utapata kingine."

Hakuachana naye. Alianza kuingia nyumba kwa nyumba akiwauliza wanawake kama majina yao yamo kwenye daftari. Akakuta wengi hawamo. Wake za watu ambao waume zao walijiandikisha peke yao, wasichana wa kazi, mama mmoja mjane anayekaanga mihogo hapo kona tangu kabla sijafika mtaani. Sasa wanakutana barazani kwetu, na siku nikiwa nimeshinda nyumbani mimi ndiye ninayewatolea viti. Wamekubaliana kwamba kwenye mkutano wa mtaa, mwisho wa mwezi ujao, Monika asimame aulize mbele ya watu wote. Wale akina mama wasomi wamesema watamshikia nafasi yake mpaka siku hiyo, isizidi.

Na shahidi wake wa kwanza ni mimi. "Kaka, wewe utasimama tu useme ulinileta lini na nani aliandika. Basi. Hawezi kukukana."

Mjumbe naye alinikamata njiani juzi. "Kijana, sikutishi. Lakini ukisimama kunishtaki, nami nitasema nani alinishikisha kalamu."

Tangu hapo situlii. Wiki hii nimekata miguu ya kitanda kimoja mara tatu, kila nikiusawazisha huu, ule unakuwa mrefu. Tajiri wa karakana ameniuliza kama naumwa. Asubuhi Monika akiniambia shikamoo, naitikia marahaba nikitafuta viatu vyangu.

Nikinyamaza siku ile, anapoteza nafasi yake na mtaa mzima unamwona mwongo. Nikisema nusu, mjumbe atamalizia. Nikisema yote, atapata muhuri wake, lakini sijui kama nitabaki na ndugu. Nyie mliowahi kumkosea mtu wa damu yenu, nielekezeni. Nimwambie kwanza ndani, sisi wawili, au ningoje nisimame mkutanoni? Na nianze kwa neno gani?

Mhariri, jina langu lifiche, mengine yaache yalivyo. Gazeti hili huwa analinunua yeye Monika, na ukurasa huu ndio anaotusomea barazani kwa sauti.