Benchi la Nyuma

Zamani pale Gatongora, msichana aliyepata mimba bila ndoa alikalia benchi la nyuma, bila kushiriki meza ya Bwana, hadi wazee wa kanisa wamrudishe. Siku hizi anaketi mbele na watu wanampisha. Mzee Gerishon, aliyeilinda sheria hiyo miaka thelathini, alibaki na imani na mtu mmoja tu: mama shemasi anayebeba sinia ya vikombe vya meza ya Bwana. Kila kikombe hukifuta kwa pindo la leso, hukiinua kwenye mwanga, hukifuta tena kwa kidole gumba kilichopasuka kwa sabuni. Sauti yake haivuki safu mbili. Jumapili moja Idah, mwenye mimba ya miezi saba na bila mume, alinyoosha mkono.

“Mpite huyo, mama,” Gerishon alinong'ona kwa ukali. “Neno la Mungu halijabadilika.”

“Ai, mzee! Si wewe ulinikalisha lile benchi? Najua hadi misumari yake.”

Akampa Idah kikombe, akangoja anywe. Kisha akamsogezea Gerishon sinia. Mikono ya mzee haikutoka magotini. Gerishon hakurudi tena kanisani, na mara ya mwisho kumwona mama shemasi ilikuwa hiyo: mgongo wake ukielekea safu nyingine, kikombe cha Gerishon kingali kimejaa kwenye sinia.