Mzigo wa Kuni kwenye Mawe ya Wachukuzi

Sogeza kigoda ukae, maana mimi siwezi kukusimulia nikiwa nimesimama. Shingo haitaki. Na kabla sijaanza nakuomba kitu kimoja, usinicheke. Wamenicheka wengi, wakiwemo wanangu wa kuwazaa mwenyewe, na nimechoka kuapa. Hiki kisa hakikumpata jirani wa shangazi yake fulani. Kilinipata mimi, mchana kweupe, akili zangu timamu na tumbo limeshiba ugali wa wifi yangu.

Mimi ni mtu wa Dindira, kule juu kwenye chai na ukungu, ila niliolewa Korogwe na nyumba yangu ndiyo hii hapa Masuguru. Kazi yangu ilikuwa mboga. Nashusha kabichi na karoti kutoka kwetu mlimani, nauza Korogwe, na zikibaki nazipeleka Handeni, kwa sababu kule jua halina huruma na bustani zinakauka. Nimebeba mizigo kichwani tangu nikiwa kitoto cha kutumwa kuni. Shingo hii ndiyo iliyosomesha watoto. Hilo ulikumbuke.

Kaka yangu alioa Mzigua, anaitwa Zaituni, na wanakaa ndani ndani huko Handeni, mbali na mji, unafika kwa bodaboda na kiuno kimekufa ganzi. Wifi yangu huyu ana mdomo, lakini nampenda. Kuna wakati aliugua, nikaenda kumjulia hali. Nilipofika nikamkuta ameshapona, anapepeta mahindi, akaanza kunisema palepale uani.

"Nyie Washambaa mna akili! Mnamsubiri mgonjwa apone kwanza, ndipo mje mle kuku wake."

Nikacheka, nikala huyo kuku, nikakaa siku kadhaa. Siku ya kuondoka nikamwambia, wifi, leo sirudi mpaka nimeyaona yale mawe.

Mawe yenyewe sijui nikuambieje. Kwanza ni mazuri, tusidanganyane. Unapita pori la migunga, hakuna mto, hakuna nyumba, vumbi jekundu tu, halafu mbele yako unaona mawe marefu yamesimama kwa mstari, na kila jiwe limebeba jiwe lingine juu. Ukiwa mbali utaapa ni wanawake wanatoka kuchanja kuni. Vijana wa Dar wanakuja kupiga picha, wanainua mikono, wanacheka, wanaondoka. Wenyeji wanayaita Mawe ya Wachukuzi, na wao hawapigi picha.

Zaituni alinieleza tukiwa njiani, yeye mbele mimi nyuma. Zamani za njaa kubwa, alisema, wanawake walikwenda mbali sana kutafuta kuni na mizizi ya kula. Wakati wa kurudi wakachoka hadi miguu ikagoma. Mmoja akasema tutue tupumzike. Mwenzake akamwuliza, tukitua wote, wa mwisho atatwishwa na nani? Unaelewa hapo? Mzigo mzito haujitwishi mwenyewe. Unasaidiwa, kisha unamsaidia mwenzako, lakini yupo mmoja atakayebaki na mzigo wake chini. Hakuna aliyekubali kuwa huyo. Basi wakapumzika wamesimama, mizigo kichwani, wakasema kidogo tu. Hicho kidogo hakijaisha mpaka leo.

"Kwa hiyo pale kuna mwiko," Zaituni akaniambia, huku anafunga vizuri kanga yake. "Mtu akikuomba umtwishe, usikimbilie. Muulize kwanza, wewe wa nani, wa wapi? Mtu atakutajia baba yake na kijiji chake, umsaidie muendelee na safari. Akinyamaza, unapita. Wala hugeuki nyuma."

Nikamwambia sawa. Alivyosema ni kama anayekukumbusha kutia chumvi, nami nikasikia hivyohivyo.

Tulipofika tukakaa kivulini tukayatazama. Halafu Zaituni akakumbuka kwamba bodaboda wa kunipeleka mjini hajapigiwa simu, na pale mtandao hakuna. Akasema ngoja nipande pale kwenye barabara, nikishampata narudi. Akaniacha na kifurushi changu cha mahindi. Hakuwa ameenda mbali, nilikuwa naiona kanga yake.

Ndipo nikasikia nyuma yangu, "Onga mshi."

Kishambaa! Hebu niambie, wewe umezaliwa Dindira, uko katikati ya pori la Handeni, Wazigua upande huu, Wamasai na ng'ombe wao upande ule, halafu unasikia salamu ya mchana ya nyumbani kwenu. Ungefanyaje? Mimi moyo ulifurahi jamani. Nikaitikia, nikageuka meno yote nje.

Alikuwa mwanamke wa makamo, pengine ananizidi kidogo. Kanga yake imepauka hadi maandishi hayasomeki. Amesimama kando ya mzigo wa kuni uliofungwa kwa magome ya mti, na ngata ya majani iko tayari kichwani. Nikamwamkia shikamoo kwa tahadhari. Hakusema marahaba. Alisema tu, "Nitwishe, mwenzangu."

Kwetu, kumpita mtu aliyesimama na mzigo chini ni aibu kubwa. Mama yangu aliwahi kunirudisha kutoka mlangoni mpaka njia panda, kwa fimbo, kwa sababu nilimpita bibi mmoja na mzigo wake wa majani ya ng'ombe. Kwa hiyo pale sikuwaza. Mikono ilitangulia.

Niamini, zile kuni zilikuwa za baridi. Jua lile, jiwe linakuunguza ukilikalia, lakini kuni zilikuwa baridi kama zimelala mtoni. Na uzito! Nimeinua magunia ya kabichi maisha yangu yote, najua uzito. Ule sikuwahi kuukuta. Nikamwita Yesu kimoyomoyo, nikaweka goti, nikapandisha, yeye akainama akapokea. Shingo yake ikasimama wima.

Hapo sasa, tayari nimeshamtwisha, ndipo nikamwuliza. Na wala si kwa sababu ya mwiko, ni furaha tu ya kumpata mtu wa kwetu. "Dada, wewe wa Dindira upande gani? Wa nani?"

Akanitazama. Midomo ikacheza, kama mtu anayetafuta jina la mtu aliyemjua zamani sana. Mwishowe akasema, "Sijui tena." Hakulisema kwa uchungu. Akaongeza, "Asante. Nilikuwa nimechoka mno."

Akaondoka. Alitembea mwepesi, mikono inaninginia, wala haushiki ule mzigo. Akazunguka jiwe la mwisho. Hakutokea upande wa pili.

Na mimi huku shingo ikadidimia. Sina kitu kichwani, nakuapia, hata kitambaa nilikuwa nimekivua kwa joto. Lakini uzito ule wote ulikuwa juu yangu, ubaridi wake naupata mpaka kwenye mabega. Nikataka kuinama nichukue mahindi yangu, nikashindwa. Nikabaki nimesimama.

Zaituni aliporudi alianza na utani wake. "Wifi, mkono huo juu umeshika nini?" Nikautazama. Kweli, mkono wangu wa kulia ulikuwa juu, vidole vimekunjwa karibu na sikio, kama mtu anayeushikilia mzigo usidondoke. Nikaushusha. Ukapanda tena wenyewe.

Utani ukamwisha. Akaniuliza polepole, "Umemtwisha mtu?"

"Ndiyo."

"Ulimwuliza ni wa nani?"

"Nilimwuliza baadaye."

"Baadaye?" Akakaa chini kwenye vumbi, akashika kichwa. "Yarabi! Wifi, baadaye ya nini?"

Kisha akanionyesha kwa kidole jiwe la mwisho. Lile jiwe lilikuwa tupu juu. Mawe mengine yote yamebeba, lile limesimama kichwa wazi. Alisema lilikuwa na mzigo tangu yeye binti mdogo, na tulipofika tuliliona wote wawili likiwa na mzigo wake. Watu wananiambia lile la juu litakuwa lilianguka. Nawauliza, lilianguka wapi? Chini palikuwa na mchanga mtupu.

Basi nikarudi Masuguru. Nikiingia mlangoni nainama, kwa sababu mwili unajua kuna kitu juu. Wanangu wakanipeleka hospitali, picha ya shingo ikapigwa, daktari akasema shingo nzima kabisa, mama upumzike. Nipumzike vipi? Nikilala, mzigo umelala nami. Mchungaji ameniombea, na sheikh jirani yetu naye akanisomea, Mungu awabariki wote wawili, lakini haujashuka. Kabichi siwezi tena. Hata fungu la mchicha nikiweka kichwani nalitua palepale. Nimechoka, mwenzangu. Sina neno lingine la kukupa. Naamka nimechoka, nasonga ugali nimechoka, nacheka na wajukuu nimechoka.

Zaituni ndiye aliyenipigia simu siku moja, sauti chini kabisa. Akaniambia amewauliza watu wazima wa huko kwao. Mzigo ule hautuliwi chini. Unapokewa tu. Nikauondoe palepale nilipoupata, kwa mtu atakayenitwisha kwa mikono yake mwenyewe, kwa hiari yake, bila kuniuliza.

"Kwa hiyo nimpe mtu mwingine?" nikamwuliza.

Akaanza kulia. "Mimi sitaki kuona. Lakini wewe ni wifi yangu, na unakufa."

Nilikwenda. Nisikudanganye, nilikwenda nikiwa na nia. Zaituni akanifungia mzigo wa kuni, akauweka pale kwenye mawe, akaenda kukaa mbali na mgongo akanipa. Nikasimama kando ya zile kuni, ngata kichwani. Unaiona hiyo picha? Nilikuwa yeye.

Akaja binti. Mtoto mgongoni amelala, dumu tupu mkononi, anakwenda kisimani. Aliponiona tu akaharakisha.

"Shikamoo mama! Umeshindwa kujitwisha? Ngoja nikusaidie."

Hakuuliza kitu. Aliona mama mtu mzima, basi. Akaweka dumu chini, akamsogeza mtoto vizuri mgongoni, akainama kushika kuni. Nikaiona shingo yake. Shingo changa, ina shanga nyeupe, na mkono wa mtoto umeishika kwa nyuma. Roho ilinipasuka. Maana nilikuwa naitaka ile nafuu, naitaka kuliko chakula! Alikuwa ameshagusa kamba.

Nikasema, "Mwanangu, acha. Niulize kwanza mimi ni wa nani."

Akacheka. "Ee, kumbe mama unajua mambo ya huku! Haya, wewe wa nani, wa wapi?"

Nikafungua mdomo.

Halikuja. Jina la baba yangu mzazi, aliyenibeba mabegani kwenye mashamba ya chai, halikuja. Nikatafuta la mama, nalo halipo. Kijiji nakiona, naona ukungu, naona mlango wa nyumba yetu na kuku mlangoni, lakini panaitwaje pale? Midomo inacheza tu. Na yule binti anasubiri, na tabasamu lake linafifia kidogo kidogo.

Akaokota dumu lake. Akanipita. Hakugeuka nyuma, kama alivyofundishwa na mama yake, na mama yake Mungu amtunze.

Jina la baba lilinirudia jioni, tumeshafika kwa Zaituni, nikalia kama mtoto. Tangu hapo kila asubuhi kabla sijakanyaga chini nayataja majina. Baba. Mama. Dindira. Masuguru. Siku nyingine yanakuja mara moja. Siku nyingine nakaa kitandani hadi chai inapoa. Wiki hii yamechelewa zaidi, na la mama nimesaidiwa na mwanangu.

Nakusimulia haya leo kwa sababu majina bado ninayo. Na kwa sababu wewe una huruma, nimekuona ulivyowahi kunipokea ndoo pale mlangoni kabla hata hujaniuliza hali. Watu kama wewe ndio ninaowaogopea. Kwa sababu yule mama wa kuni hakuwa mbaya. Namjua sasa kama ninavyojijua. Alichoka tu, akasahau, na alipokwisha kusahau hakuwa na kitu cha kumzuia.

Basi ukienda kuyaona yale mawe, nenda, ni mazuri. Lakini ukimkuta mwanamke amesimama peke yake na mzigo chini, usikimbilie. Muulize kwanza ni wa nani. Akinyamaza, pita, hata kama amekusalimia kwa lugha ya kwenu, hata kama sura yake unaifahamu na uliwahi kukaa kwenye kigoda chake. Pita tu. Sitakukasirikia.