Kinuyo aacha nundu kwenye mpini wa mumewe

Mvua inanyesha mjini Hashimoto tangu alfajiri. Majirani wameanika nguo ndani na wanailaani. Kinuyo Tsujimoto ameifungulia dirisha. Utomvu mweusi wa mti anaoupaka kwenye mipini haukauki kwa jua. Unataka unyevu, na leo unyevu ni wa bure.

Ameketi sakafuni, amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Mapajani mwake kuna mpini wa fimbo ya kuvulia, fimbo ya mwanzi iliyokwisha kukamilika na kung'arishwa. Kwa kisu chembamba anachimba kijishimo cha ukubwa wa punje ya mchele. Anabana pumzi mpaka kisu kitoke.

"Usinisemeshe nikiwa na kisu," anasema bila kuinua kichwa. "Fimbo za watu nimechimba sijui ngapi, na mkono haukutetemeka. Hii ni ya mume wangu. Hajawahi kuniruhusu hata kuigusa."

Kinuyo, 71, anatia njumu. Mafundi wa mji humletea fimbo walizokwisha kuzimaliza, naye hupachika kwenye mipini vipande vyembamba vya gamba la kombe, ile sehemu ya ndani inayong'aa: mwezi, panzi, tawi la msonobari. Alifundishwa na mama mkwe wake, mwanamke mkali kweli, mwaka alioolewa. Mpini mmoja humpa yen elfu kumi na nane na humchukua wiki tatu, maana kila tabaka la utomvu lina muda wake na halisukumwi.

"Ningeuza keki za mchele pale stesheni ningepata zaidi," anasema. "Lakini keki watu wanakula, zinakwisha."

Mumewe, Yasuji, 76, ni fundi wa fimbo za kuvulia hera, samaki wa bwawani anayevuliwa na kurudishwa majini. Kwa miaka arobaini na tano wateja waliotaka nakshi aliwaelekeza chumba cha pili, kwa mkewe. "Samaki hatazami mpini," aliwaambia. Fimbo yake mwenyewe ilibaki nyeusi tupu.

Kiharusi kilimpata majira ya baridi, mwaka juzi. Miguu ilirudi, ulimi ulirudi, "na ukali wote ukarudi," anasema Kinuyo. Mkono wa kulia ulirudi na nguvu zake, lakini hisia zilikuwa zimekwenda. Yasuji akishika kikombe hajui kama amekishika mpaka akitazame.

Na mvuvi wa hera hana nafasi ya kutazama mkono. Macho yako kwenye kielea, kile kijiti kinachoelea juu ya maji kuonyesha samaki ameuma. Kikizama kwa upana wa ukucha, fimbo iwe imeshainuka. Baada ya kuugua, Yasuji alikwenda bwawani kwa Ogura, mwenye bwawa la kuvulia, mara moja tu. Alitazama kielea kama alivyozoea, fimbo ikajigeuza kiganjani, ikateleza ikaingia majini, naye hana habari. Ogura aliifuata kwa mashua. Wavuvi wengine waligeuza nyuso zao ili wasionekane wameona, na wema huo ndio uliomuumiza Yasuji zaidi. Alirudi nyumbani, akaipandisha fimbo juu ya kabati, na hakutoka tena.

"Alikuwa anakaa pale," Kinuyo anaonyesha mto wa kukalia karibu na dirisha. "Mwaka mzima na zaidi. Nilitamani anigombeze, angalau nijue yupo."

Mwezi wa pili mwaka huu Kinuyo alikuwa akimfunga mumewe vifungo vya koti la kuvaa nyumbani. Kwenye mkono wa nguo ya Kinuyo kulikuwa kumenasa kibanzi cha gamba, kikamgusa mumewe mkono wa kulia.

"Nini hicho kinanichoma?" Yasuji akauliza.

Kinuyo aliacha vifungo. Akamkalisha chini.

"Funga macho."

"Ya nini?"

"Kuna mteja ana mkono mpana kama wako. Nataka kipimo."

"Na huyo mteja ni mkaidi kama mimi?"

"Amekuzidi. Funga macho, mzee."

Alimgusa kidole kimoja baada ya kingine kwa ncha ya gamba. Hapa? Hapana. Na hapa? Hapana. Alipofika kwenye shina la kidole gumba, Yasuji aliinamisha kichwa.

"Kama punje ya mchanga," akasema.

Kinuyo alilia. Mumewe alikuwa amefumba macho, kwa hiyo hakuwa na haja ya kujificha.

Alichokusudia kukifanya, kuacha gamba limeinuka juu ya mpini ili shina la kidole gumba lihisi fimbo ikijigeuza, ni aibu kwa fundi yeyote wa njumu. Gamba hufunikwa lote kwa utomvu, kisha husuguliwa kwa mkaa mpaka kidole kisijue utomvu umeishia wapi na gamba limeanzia wapi. Gamba lililojitokeza ni kosa la mwanafunzi. "Mama mkwe alinigonga vidole kwa sababu ya nundu ndogo kuliko hii," anasema.

Yasuji naye alikataa katakata. "Fimbo ile ilishakwisha," alisema.

"Ilikwisha kwa mkono uliokuwa nao. Huu ni mkono mwingine."

Siku ya tatu, Kinuyo aliporudi kutoka sokoni, aliikuta fimbo juu ya meza yake ya kazi, imefutwa vumbi.

Wiki tatu baada ya mvua ile, anaitoa kwenye sanduku lenye unyevu linalokaushia utomvu. Hakuna mwezi wala panzi. Ni punje tatu tu za gamba zilizopangwa mstari, zimeinuka kwa unene wa kadi ya posta. Anamkabidhi mumewe.

Yasuji anapapasa kwa mkono wa kushoto, mkono mzima. Uso unamkunjamana.

"Umeacha nundu."

"Nimeiacha."

"Kazi mbovu."

"Mbovu sana."

Anaihamishia kulia. Anafumba macho, anaiacha ijigeuze. Shina la kidole gumba linatambaa juu ya mpini, linapita, linarudi, linatulia juu ya zile punje. Anarudia mara ya pili, na ya tatu. Kisha anageukia dirishani na kuuliza kama maji kwa Ogura yamepanda na mvua hizi, na nani siku hizi anakalia nafasi yake ya pembeni, na kwa ruhusa ya nani. Analalamika kwa muda mrefu, macho yako nje, na fimbo haijigeuzi mkononi.

Kinuyo ameziba mdomo kwa mkono wa nguo. Hamwambii kwamba ameishika bila kuitazama.

Watakwenda Jumapili ijayo. Kinuyo atabeba chupa ya chai na kukaa nyuma yake, ingawa katika miaka arobaini na tisa ya ndoa hajawahi kukanyaga bwawani.

"Akipata au akikosa, hilo ni lake na samaki," anasema. "Mimi nataka arudi jioni amechoka, anautukana upepo, anaulizia chakula."