Mashine ya Vumbi, Mji wa Mvua

Juzi, katika duka moja la Msasani ya hapa Tukuyu, nilimkuta mama mmoja kutoka kata ya Kinyala akiikagua mashine ya kuchuja hewa ya nyumbani. Tangu biashara iachiwe huru, kila kitu kinatufikia, hata huku kwetu. Mama alikohoa, akajishika kifua.

"Mwanangu, hii inaondoa moshi wa kuni?"

Muuzaji akaligeuza boksi, akasoma. "Ni ya vumbi tu, mama. Imetoka Uarabuni."

"Vumbi gani, na mvua hii?"

"Basi ukipika, fungua dirisha."

"Nikifungua, kuni zinalowa. Zikilowa, moshi unazidi."

 Muuzaji akairudisha mashine rafuni, boksi lake limeshalegea kwa unyevu. Nimechoka kuletewa dawa ya jangwa la wenzetu. Mama alinunua kiberiti, akaenda kupika.