Niliosha Madirisha ya Ndege na Petroli, Mkwe Wangu Akabeba Lawama

Kosa ni langu. Wacha nianze hapo kabla sijazunguka, kwa sababu mimi nikianza kuongea hupotea njia kama mbuzi, na hii maneno nimeibeba mpaka imenichosha mgongo. Niliharibu madirisha ya ndege ya mtu, nikaulizwa, nikadanganya, na mkwe wangu akafutwa kazi. Hayo ndiyo yote. Yanayobaki ni kuwaeleza vile mtu mwenye mvi anaweza kuwa mjinga.

Mimi ni mzee wa huku kijijini Theta. Shule niliiacha darasa la tatu, kwa hivyo mkiona makosa ya kuandika mnivumilie, hayo ndiyo makosa yangu madogo. Ujana wangu wote niliosha mabasi na malori pale Thika mjini. Kioo cha lori kikishika lami na wadudu, mimi nilikuwa natia petroli kidogo kwa kitambaa, napitisha, kinang'aa mpaka dereva anajiona meno. Hakuna mtu alinifunza. Mimi ndiye nilifunza wengine.

Sasa, binti yangu Nyambura aliolewa na kijana fundi wa ndege. Nitamuita Karanja, si jina lake. Siku walipokuja kuleta mahari nilimfanyia madharau. Niliuliza wazee wake, mbele ya watu wote, kama ndege hukamuliwa maziwa. Watu walicheka, hata wa upande wake. Yeye aliangalia chini tu.

Kwetu mkwe hajibizani na baba ya bibi yake. Hata ukimkanyaga kidole, ni yeye atasema pole. Hiyo desturi niliipenda sana, kwa sababu ilikuwa upande wangu.

Na ni huyo huyo Karanja aliyenitafutia kazi magoti yalipokataa kuosha malori. Kuna kiwanja kidogo cha ndege huku upande wa Thika, katikati ya mashamba ya kahawa, pahali pa watu wenye ndege zao binafsi. Aliongea na tajiri mmoja wa Ruiru, nikapewa kazi ya kulinda ndege yake na kuiosha. Ndege yenyewe ni ndogo, ya watu wanne, na ya zamani kweli. Madirisha yake yalikuwa yamekuwa manjano kama meno ya mvuta tumbaku, mpaka Karanja akaagiza mapya kutoka ng'ambo. Yalikawia sana kufika. Alipoyaweka, alikuwa anayagusa kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenyewe.

Akanionyesha kuosha. Maji mengi kwanza yatoe vumbi, halafu sabuni laini, halafu mkono mtupu, halafu kitambaa cha pamba. Akaniambia kwa upole, "Baba, hii si kioo, ni plastiki. Petroli usiikaribishe hapa hata kidogo. Inaikula kutoka ndani na wewe huoni."

Niliitikia na kichwa. Moyoni nikasema, leo mtoto ananifundisha kuosha dirisha.

Ndege hiyo ilikuwa na turubai lake zuri la kuifunika isichomwe na jua. Mahindi yangu yakakauka, nikavuna, nikayaanika, na mvua ikaanza kutishia. Nyinyi mnajua mahindi ikinyeshewa inashika uvundo, na mimi mwaka mwingine nilipoteza mavuno hivyo hivyo, bibi yangu akiwa hai, akaniambia mzee mvivu hulishwa na majirani. Maneno hayo hayakunitoka. Basi nikakunja turubai la tajiri, nikalipeleka nyumbani nikafunika mahindi.

Ndege ikakaa uchi. Jua, vumbi jekundu, na kunguru wa mashamba ya kahawa wakaifanya choo chao.

Asubuhi moja tajiri akanipigia simu, yuko njiani na wageni. Nikaangalia yale madirisha, Ngai, Mungu wangu! Yalikuwa kama ukuta wa boma la ng'ombe. Sabuni ilikuwa imeisha. Maji yalikuwa mbali. Karanja siku hiyo alikuwa na kazi kwingine. Na kwa kibanda changu cha ulinzi nilikuwa na chupa ya petroli ya ndege. Kila mara kabla ya kuruka tajiri huchota kidogo kutoka kwa tangi kuangalia kama kuna maji ndani, na mimi mabaki nilikuwa nayaweka, kwa sababu mtu aliyelelewa na shida hamwagi kitu.

Nikachovya kitambaa. Nikapitisha. Uchafu wote ukatoka, madirisha yakang'aa kuliko siku yalipokuja. Tajiri alipofika akanishika bega, akasema leo mzee nimeifanya ndege mpya. Nikafurahi kama mjinga. Nikasema moyoni, huyo Karanja na plastiki yake.

Haikukaa sana. Siku moja jua likiwa la pembeni nikaona kitu kwa dirisha. Nyuzi nyuzi nyembamba, kama nywele za mtoto mchanga. Nikasugua, hazitoki. Ziko ndani. Nikaenda dirisha la pili, nako ni hivyo hivyo.

Hapo ndipo ningesema. Wasomaji, hapo! Bado kulikuwa hakuna mtu ameumia na hakuna mtu amelaumiwa. Lakini nifanye nini? Nimuite yule kijana niliyemdharau na maneno ya maziwa, nimwambie ulikuwa na haki? Nikaona heri nife. Nikarudisha turubai, na tangu siku hiyo ndege ikitua tu, mimi mbio nafunika, watu wakinisifu ati nina bidii.

Halafu tajiri akaruka na bibi yake. Wakiwa juu, dirisha la upande wa mama likapasuka kutoka tundu la skrubu mpaka katikati, na mlio kama fimbo kavu ikivunjwa. Halikutoka, Mungu ni mkubwa. Walirudi chini. Yule mama alishuka akakaa kwa nyasi na viatu mkononi. Mimi nilimletea maji, akanishukuru. Akanishukuru mimi!

Tajiri akaita fundi mwingine aje aangalie, mtu mmoja wa maneno mingi. Tukasimama pale sote chini ya bawa: tajiri, huyo fundi, Karanja, na mimi. Fundi akapigapiga dirisha na kucha, akasema aliyeyaweka alikaza skrubu kupita kiasi. Plastiki ikipata jua hutaka nafasi ya kupanuka, ukiibana inajipasua. Na kweli huwa hivyo, hakudanganya. Lakini hizo nyuzi zingine zote hakuziangalia vizuri, kwa sababu alikuwa ashapata mtu wa kulaumu.

Tajiri akanigeukia. "Mzee, wewe huosha haya madirisha na nini?"

"Maji na sabuni," nikasema. "Vile nilionyeshwa."

Karanja alikuwa ameokota kile kitambaa changu cha petroli pale kwa gurudumu. Nilimuona akikiinua karibu na pua. Nilimuona, na yeye akaniona nikimuona. Akakikunja polepole, akakitia mfukoni mwa ovaroli yake.

Akasema, "Labda ni mimi. Labda nilikaza."

Si alifutwa papo hapo? Na si kufutwa peke yake. Wenye ndege ni watu wachache, wanajuana wote. Kila alikoenda kuomba kazi alikuta sifa ishafika kabla yake, yule Karanja wa kukaza skrubu, yule nusura aue bibi ya mtu. Walikuwa na nyumba nzuri ya kupanga Ruiru mjini, wakahamia chumba kimoja Mwihoko. Sasa hutengeneza mota za posho mill, zile za kusaga unga, na friji za watu huko Gitothua. Mikono ile iliyokuwa inafungua injini ya ndege.

Mimi niliendelea kulinda ndege. Na mnajua nilijiambia nini? Nilijiambia, kwani yeye si amesema mwenyewe? Labda kweli alikaza. Mtu akitaka kujidanganya hakosi neno.

Nyambura ndiye aliniamsha. Alikuja peke yake, hakuketi, hata mfuko hakuweka chini. Akaniambia alipata kitambaa chenye harufu ya petroli kwa ovaroli akifua, akamuuliza bwana yake, akakataa kujibu. Alimsumbua mpaka akasema maneno haya: "Siwezi kumfanya baba yako mwongo mbele ya watu."

"Basi mimi nakufanya mwongo hapa, tukiwa wawili," Nyambura akasema. Akaenda. Hajarudi Theta tena. Wajukuu naona kwa simu ya mtu mwingine.

Nilienda kwa tajiri nikaeleza. Nilivaa koti la kanisa. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunitukana. Akasema ndege ashaipatia mnunuzi. Akasema, "Sasa mzee unataka nimwambie nani? Wale niliowaambia vibaya walishaambia wengine." Akaniitia askari wa geti anifungulie.

Uchungu wangu si huyo tajiri, ingawa alimfuta mtu kabla hajauliza vizuri. Wala si yule fundi na kucha yake. Uchungu wangu ni Karanja mwenyewe, kwa sababu hajabadilika.

Bado anakuja kuniona. Anakuja na sukari, na nyama kidogo akipata. Anavua kofia mlangoni, hakai mpaka nimwambie kaa. Alinipigia bati la jikoni mvua ikiingia. Magoti yakiuma yeye ndiye hunipeleka hospitali, na ananiita Baba mbele ya daktari. Angenitukana mara moja tu, nafikiri ningelala. Hanitukani. Ananiheshimu kila wiki.

Jumapili iliyopita nilijikaza. Nikaweka kikombe chini, nikasema, "Karanja, yale madirisha..."

Hakuniacha nimalize. Akanisogezea kikombe.

"Baba, chai inapoa."

Nikanywa. Ningefanya nini? Ndiyo maana naandikia nyinyi watu nisiowajua. Yule ninayepaswa kumwambia ananiheshimu mpaka hataki kusikia.

Kwa hivyo wazee wenzangu, nyinyi mnaopenda kuheshimiwa kama nilivyopenda mimi, sikieni. Heshima ya mtoto isiwe turubai la kufunika uchafu wako. Ukiulizwa mbele ya watu, jibu hapo hapo mbele ya watu, hata kama utachekwa mpaka siku ya kufa. Ukingoja mbaki wawili ndio useme, utapewa chai, na itabidi uinywe.