Muthokoi kwenye Mkeka wa Futari

Iko siku moja ambayo nikiikumbuka hadi leo uso wangu unapata moto, mwanangu. Nilikuwa msichana wa chuo mjini Kitui, nimeketi kwenye mkeka wa watu waliofunga kutwa nzima, na mwenye nyumba ananiwekea kaimati kubwa kuliko za watoto wake mwenyewe huku akisema, "Mpeni Syombua kwanza. Mtoto wa Kikristo, na amefunga nasi." Nilizipokea kwa mikono miwili. Sikuwa nimefunga. Nilikuwa na njaa tu.

Nakueleza haya kwa sababu kila mkija likizo nawaona. Mmekonda shingo, lakini viatu ni vipya. Nikiuliza mnakula nini huko chuoni, mnacheka na kutazamana. Mimi siulizi tena. Najua mnavyokula, maana hata mimi nilikula hivyo.

Nilitoka kwetu Mbumbuni miaka ya sabini ikielekea mwisho, kwenda kusomea uhazili na kupiga taipu katika chuo kidogo ambacho hakikuwa na mabweni. Kila mwanafunzi alijitafutia chumba na kujipikia. Wiki mbili kabla ya safari, mama yangu alikuwa akiamkia kwenye kinu. Alinitwangia muthokoi, yale mahindi yetu yanayotolewa ganda yakabaki meupe, akanijazia nusu gunia. Juu yake akaweka mfuko wa mbaazi kavu, zile tunazoita nzuu. Mikono yake ilikuwa imetoka malengelenge. Aliponisindikiza kwenye basi alisema, "Pesa ni za vitabu na nauli. Chakula unacho." Nikaitikia, "Ndiyo, mwaitu," na nia yangu ilikuwa safi kabisa.

Chumba nilipata kwenye ua wa Mama Zuhura, karibu na msikiti. Watu wake walikuwa wa asili ya pwani, lakini yeye alizaliwa palepale Kitui, na Kikamba alikijua kuliko wengi wetu. Alikuwa mama mnene, mpole, mwenye sauti ya chini. Binti yake Zuhura tulisoma darasa moja, tukawa marafiki tangu wiki ya kwanza.

Shida ilianza na mwanafunzi mwingine, Josephine, aliyetoka familia ya mjini. Siku alipoingia chumbani kwangu akakuta nimepakua muthokoi, alishika mdomo. "Wewe bado unakula hii chakula ya ushago? Hata dobi wetu hawezi kula hiyo." Hakuwa msichana mbaya. Alikuwa anacheka tu, na wenzake wakacheka. Lakini jioni ile nilifunga gunia kwa kamba, nikalisukuma chini ya kitanda, nikatupia shuka mbele yake.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa hoteli. Asubuhi chai ya maziwa na mandazi. Mchana chapati na maharagwe, Ijumaa nyama, tena na soda, ili waone. Nilijisikia mtu mzima! Sikujua kwamba chakula cha hoteli kinashibisha macho mapema na tumbo kinaliacha njiani. Muhula haukuwa umefika katikati nilipotia mkono mfukoni na kukuta kitambaa.

Sasa utaniuliza, si ungefungua gunia? Mwanangu, wewe ni kijana, unajua jibu. Ningepika vipi, na Josephine anapita mlangoni kila siku? Nikanywa maji. Nikanywa chai kavu. Mikono ikaanza kutetemeka kwenye mashine, herufi zikawa zinarukana, na mwalimu akaniandikia kwa kalamu nyekundu kwamba nisipobadilika sitafanya mtihani.

Ndipo Ramadhani ikaingia. Mchana wa siku ya pili wenzetu walikwenda kula, tukabaki darasani mimi na Zuhura. Akaniuliza, "Wewe mbona hujaenda?" Na mdomo wangu, kabla sijaushika, ukasema, "Nafunga nawe. Usijisikie mpweke."

Laiti ungemwona uso wake! Alinikumbatia. Jioni akanivuta hadi kwenye mkeka wa mama yake, na huko nikakuta uji wenye pilipili manga, tende, chapati, mbaazi za nazi na hizo kaimati nilizokutajia. Nikala. Ee Mungu wangu, nikala. Kesho yake nikarudi, na kesho kutwa. Mama Zuhura akawaambia majirani habari zangu. Wanawake wakawa wananipungia mkono barabarani. Wasichana wa kwaya kanisani kwetu nao wakapata habari, wakaja kuniuliza kama nimesilimu. Nikawaambia hapana, nakula tu pale kwa kuwa ni mpangaji. Kwa hiyo upande huu nilikuwa na uongo mmoja na upande ule uongo wa pili, na nafasi yangu ya kusimama ikawa nyembamba kila siku.

Jumamosi moja asubuhi Mama Zuhura alikuwa akianika mchele wake uani. Akaona fukusi, wale wadudu wadogo weusi wa nafaka, wakitembea mstari mmoja ukutani. Akaufuata mstari. Ukamleta hadi mlangoni kwangu, ukapita chini ya mlango, ukaishia chini ya kitanda. Nilikuwa nimelala nikitazama dari. Akabisha, akaingia, akainama, akainua shuka.

"Hiki nini?"

"Muthokoi."

"Nani alikutwangia?"

"Mama yangu."

Alifungua kamba, akachota kwa kiganja. Fukusi wakamtambaa mkononi. Aliitazama ile nafaka kwa muda, nami nikatamani ardhi inimeze. Kisha akaketi kitandani karibu na miguu yangu.

"Syombua, nitakuuliza mara moja tu. Ulikuwa umefunga, au ulikuwa na njaa?"

Nilijifunika uso kwa shuka. Nikasema, "Njaa. Walinicheka kwa chakula hiki, nikakificha."

Hakunipigia kelele. Ingekuwa afadhali. Alisema kwa sauti yake ileile ya chini, "Ungeniambia una njaa, ningekupa. Mchana ningekupa, nami nimefunga, na nisingeona vibaya. Lakini kila jioni nimeinua mikono nikamshukuru Mungu kwa ajili ya jambo ambalo halikuwako. Na huko kwenu yuko mama mwingine, naye kila akilala anajua mtoto wake amekula alichomtwangia. Umetudanganya wote wawili kwa sababu ya kuchekwa?"

Nilibaki chini ya shuka.

"Haya, inuka," akasema. "Lete ungo."

Tulibeba gunia hadi uani. Akanionyesha kupepeta, kuanika juani, kutenga punje zilizotobolewa. Robo nzima ilikuwa imeharibika, tukawamwagia kuku. Iliyobaki tukaosha mara tatu, tukachemsha mbaazi kwanza, kisha tukachanganya. Alinifundisha kwamba nafaka kavu hulowekwa tangu jana yake, makaa yakaokolewa nusu. Akanifundisha kwamba sufuria ikishachemka vizuri, unaweza kuifunga kwa blanketi kuukuu na magunia, ukaenda zako darasani, ukarudi ukakuta imeiva kwa joto lake lenyewe. Siku ile hatukuwa tumeloweka, kwa hiyo tulikaa jikoni muda mrefu, yeye kwenye kigoda na mimi nikipuliza moto.

Adhuhuri ikafika. Kitunguu kilikuwa kimeshaiva, nyanya zimeyeyuka, na akaanza kumimina tui la nazi alizoletewa na ndugu zake. Harufu ilijaa ua mzima. Majirani wawili walikuwa wanafua pale bombani. Mama Zuhura akanikabidhi mwiko.

"Onja. Mimi nimefunga, siwezi kujua chumvi."

Nikamtazama. Nikatazama wale wanawake wa bombani, ambao siku zote hizo walinipungia mkono barabarani.

"Onja," akarudia. "Huna kosa kula mchana. Wewe dini yako haikukataza. Kosa ni lile lingine, nalo linaishia hapa."

Nikaonja. Wanawake wakaacha kufua. Na wakati huohuo Zuhura akaingia kutoka sokoni na kapu kichwani, akanikuta nina mwiko mdomoni, jua likiwa utosini. Alisimama. Nilimwambia ukweli wote palepale, nikiwa bado nimeshika mwiko. Akatua kapu, akaingia ndani, akafunga mlango.

Jioni sikutaka kwenda. Mama Zuhura akatuma neno kwamba aliyepika ndiye anayepakua. Nikaenda, nikapakua. Muthokoi ule ule niliouficha ulikaa katikati ya mkeka, umelainika, umekolea nazi, mbaazi zimepasuka ndani yake. Watoto walikula mpaka wakakwangua sufuria. Zuhura alikula akiwa ameinamisha uso. Akamaliza. Akanisogezea sahani yake tena bila kunitazama. Nikamwekea. Alipokaribia kuimaliza ya pili ndipo aliposema, "Kesho upunguze chumvi."

Nilicheka nikalia. Naye akanipiga begani kwa nguvu kidogo, kama mtu anayemaliza hesabu yake.

Tangu siku hiyo nilipika. Jumapili nikitoka kanisani nilipika sufuria moja ya muthokoi na mbaazi, ikanipeleka siku tatu. Siku ya kwanza naila na mchuzi wake. Ya pili naikaanga na sukuma wiki. Ya tatu naiponda na kiazi na majani ya maboga. Soko likikaribia kufungwa nilikwenda kununua nyanya zilizoanza kulegea, ambazo mwenye kuuza hataki kurudi nazo nyumbani. Makaa tulichanga na Zuhura, jiko moja, sufuria mbili zikipokezana. Mikono ikaacha kutetemeka. Mtihani nikafanya, na nikapita. Josephine naye, kabla ya muhula kwisha, alibisha mlango wangu jioni moja akiwa na bakuli nyuma ya mgongo. Nilimpakulia. Nilitaka sana kusema kitu, mwanangu, sitakudanganya. Nikakumbuka mwiko mdomoni, nikanyamaza.

Nilipofika nyumbani mama yangu aliuliza jambo moja tu: "Chakula kilitosha?" Nikamweleza yote, na ile robo waliyokula kuku pia. Alijitazama viganja, nami nikajua ameumia. Kisha akauliza huyo mama wa Kitui anaitwa nani. Na kila nilipofungua muhula baada ya hapo, palikuwa na mizigo miwili, wangu na wa Mama Zuhura. Hawakuwahi kuonana, wale kina mama wawili, hadi wote wakaaga dunia. Lakini walilishana miaka mingi, hata baada ya mimi kumaliza chuo.

Sasa nisikilize, mwanangu. Usione aibu kwa chakula kilichokukuza kwenu. Kula cha bei ndogo, lakini kula ushibe, maana akili haisomi tumbo likiwa tupu. Jifunze kupika vitu vitatu au vinne vizuri, uwe mvulana uwe msichana, na uvipike kwa wingi siku unapopata nafasi. Loweka nafaka. Changia moto na mwenzako. Usinunue macho ya watu kwa pesa ya wiki nzima. Na siku utakapoishiwa, kwa sababu hata mwenye busara huishiwa, sema, "Nina njaa." Maneno hayo mawili hayajawahi kumuua mtu. Mwambie jirani, mwambie rafiki, niandikie mimi. Usiifunike njaa kwa uongo, hata uongo mzuri wenye sura ya ibada.

Mungu akubariki mikono ijue kazi ya jiko na ya kalamu. Akupe majirani wenye kuuliza swali moja na kungoja jibu. Akujalie usome umalize, na sufuria yako iwe na cha kumtosha anayebisha. Nenda salama, mwanangu, na urudi umenenepa.